Kibali cha madini si kibali cha urithi: mwongozo kamili wa Australia Magharibi, ofisi kwa ofisi

Kampuni ikipewa leseni ya madini Australia Magharibi, haijapewa ruhusa ya kugusa eneo takatifu la Waaborijini lililomo ndani ya leseni hiyo. Ruhusa hizo ni mbili, zinatoka ofisi mbili, kwa sheria mbili: Sheria ya Madini ya 1978 na Sheria ya Urithi wa Waaborijini ya 1972. Juu yake kuna sheria ya shirikisho ya 1993 kuhusu haki ya asili ya ardhi, yaani haki ya wenyeji juu ya ardhi yao kwa mila na desturi zao, na pembeni kuna sheria ya mazingira ya 1986. Ofisi zinazosimamia sheria hizi hupeana taarifa na kuulizana maoni, lakini hakuna inayobeba jukumu la mwenzake. Mzigo wote unabaki kwa mwenye leseni. Makosa makubwa karibu yote huanzia pale mtu anapodhani muhuri wa ofisi moja umemaliza kazi ya nyingine.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeshika faili: ofisa wa vibali kampuni, mjiolojia anayepanga uchorongaji, ofisa wa serikali anayepitisha maombi, au mwanajamii anayetaka kujua abishe mlango upi. Una faida hata kwa msomaji wa Afrika Mashariki, maana kampuni zenye mradi wa dhahabu wa Nyanzaga kule Sengerema na ule wa grafiti wa Mahenge zina makao Perth. Anayekaa nazo mezani ni vizuri ajue nyumbani kwao zinadaiwa nini.

Hatua ya 1: Weka kando miongozo iliyopitwa, kisha jua nani anashika nini

Tarehe 1 Julai 2023 jimbo lilianza kutumia sheria mpya ya urithi iliyopitishwa 2021. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo ikafutwa, na sheria ya 1972 ikarudi ikiwa na marekebisho. Katika miezi hiyo michache ziliandikwa fomu na miongozo mingi sana, na mingi bado iko mtandaoni. Ukiona karatasi inayogawa shughuli katika ngazi tatu za usumbufu wa ardhi, au inayodai mpango wa usimamizi wa urithi uidhinishwe na Baraza la urithi lililoundwa na sheria ya 2021, hiyo ni ya sheria iliyokufa. Usiijaze.

Ofisi za kuzijua ni hizi. Idara ya madini imebadilishwa jina mara kadhaa. Tangu 1 Julai 2025 ni Idara ya Madini, Petroli na Utafutaji. Hutoa leseni na kupitisha mipango ya kazi ya kila siku ya kuchoronga na kuchimba. Idara ya Mipango, Ardhi na Urithi, inayojulikana kwa kifupi DPLH, hutunza sajili ya maeneo ya urithi na kuihudumia Kamati ya Urithi wa Kitamaduni wa Waaborijini, ile inayomshauri Waziri wa Masuala ya Waaborijini. Mamlaka ya mazingira, EPA, hutathmini miradi yenye athari kubwa, na urithi wa Waaborijini huingia humo kama sehemu ya mazingira ya kijamii. Baraza la kitaifa la haki ya asili ya ardhi, NNTT, ni la shirikisho: husikiliza pingamizi na kuamua pale mazungumzo yanapokwama.

Nje ya serikali kuna shirika la wenye ardhi wenyewe, lililosajiliwa kisheria kushika haki yao ya asili kwa niaba ya jamii nzima. Hilo ndilo lenye maarifa. Ofisi zote nne hapo juu zinategemea linachosema, kwa hiyo barua yako ya kwanza iende kwake hata kabla hujawasilisha ombi lolote.

Hatua ya 2: Pekua sajili, na ujue sajili haikuambii nini

DPLH ina mfumo wa mtandaoni wa kupekua urithi, ACHIS, ulio wazi kwa umma. Weka mipaka ya eneo lako, utapata maeneo yaliyosajiliwa, yaliyowasilishwa lakini hayajaamuliwa, na yale yaliyochunguzwa yakaonekana hayatimizi masharti ya sheria. Chukua makundi yote matatu. Eneo lililoondolewa kwenye orodha miaka iliyopita laweza kurudi taarifa mpya zikija.

Mambo matatu huwaponza watu hapa.

La kwanza: sheria hulinda eneo la urithi liwe limesajiliwa au halijasajiliwa. Ramani tupu maana yake ni kwamba hakuna aliyepeleka taarifa, pengine kwa sababu hakuna aliyewahi kupita pale na wazee. Kisheria ipo kinga kwa aliyevunja bila kujua na ambaye asingetarajiwa kujua, lakini kampuni yenye mtaalamu, mwanasheria na intaneti haiwezi kuiegemea.

La pili: maeneo ya siri hayaonyeshwi mahali pake halisi. Mfumo huchora kivuli kikubwa, kwa kawaida cha kilomita 4 za mraba au zaidi, na eneo lenyewe laweza kuwa kona yoyote ya kivuli hicho. Wapo wanaoweka kambi pembeni ya kivuli wakidhani hatari iko katikati. Hiyo ni bahati nasibu na mali ya watu.

La tatu: ukubwa uliosajiliwa mara nyingi ni wa zamani, umepimwa na mtu mmoja aliyepita siku moja. Pango lenye kipenyo cha mita 50 kwenye karatasi laweza kuwa sehemu ya njia ya simulizi inayokwenda kilomita nyingi kupitia visima na milima.

Kando ya ACHIS, pekua rejesta za NNTT ujue kama haki ya asili imeshaamuliwa mahakamani au bado ni dai lililosajiliwa. Omba pia ripoti za ukaguzi wa zamani. Ripoti ya 1985 yaweza kukuambia wazee walipita wapi, lakini haikupi ruhusa ya leo.

Hatua ya 3: Ombi la leseni na saa zinazokimbia sambamba

Ukiwasilisha ombi idara ya madini, saa ya kwanza inaanza: siku 35 za mtu yeyote kuweka pingamizi chini ya Sheria ya Madini, mbele ya hakimu wa madini anayeitwa warden. Leseni ya utafiti mkubwa hudumu miaka 5 na yaweza kuongezwa. Leseni ya uchimbaji hudumu miaka 21.

Saa ya pili ni ya shirikisho. Serikali ya jimbo inapokusudia kutoa leseni, lazima itoe tangazo chini ya kifungu cha 29 cha sheria ya haki ya asili. Kutoka siku ya tangazo, anayedai haki ana miezi 3 ya kuwasilisha dai na hadi mwezi wa 4 dai liwe limesajiliwa ili apate kiti mezani.

Hapo njia zinagawanyika. Kwa leseni za utafutaji, jimbo hutamka mara nyingi kwamba utoaji wake hautaingilia maisha ya jamii, hautagusa maeneo yenye umuhimu wa pekee, wala hautavuruga ardhi kwa kiasi kikubwa. Tamko hilo hufungua njia fupi. Wenye ardhi wana miezi 4 ya kulipinga mbele ya NNTT, na wakishinda, mwombaji anarudishwa kwenye meza ya mazungumzo. Mapingamizi mengi huisha kwa pande mbili kutia saini mkataba wa urithi. Basi toa rasimu ya mkataba mwanzoni, usingoje upingwe.

Kwa leseni ya uchimbaji, njia fupi sahau. Jimbo, mwombaji na wenye haki lazima wazungumze kwa nia njema. Ikipita miezi 6 tangu siku ya tangazo bila makubaliano, yeyote kati yao anaweza kuomba NNTT iamue. Baraza limekuwa likiruhusu karibu kila mara. Mwaka 2009, katika shauri la ziwa la chumvi lililoitwa Lake Disappointment, sasa Kumpupintil, ndipo lilipokataa kwa mara ya kwanza, likawapa haki watu wa Martu. Baraza haliwezi pia kuamuru malipo yanayopimwa kwa faida au mapato ya mgodi. Hayo hupatikana kwa makubaliano tu. Hii ndiyo sababu wenye ardhi huwa na nguvu zaidi ndani ya mazungumzo kuliko baada ya kuvunjika, na ndiyo sababu ofisa wa jimbo anayekaa kimya kwa miezi 6, akiwaachia kampuni na wazee wavutane wenyewe, amewanyima haki. Jimbo ni upande wa tatu wa mazungumzo hayo na lina wajibu uleule wa nia njema.

Hati ikitoka, isome mwisho wake. Utakuta sentensi ya kukumbusha kwamba mwenye leseni azingatie Sheria ya Urithi wa Waaborijini ya 1972 na kanuni zake. Wengi huipita kama mapambo. Idara ya madini inakuambia hapo, kwa maandishi, kwamba haijakusafishia eneo.

Hatua ya 4: Mkataba wa urithi wenye meno

Mkataba mzuri huandika: ni shughuli zipi zinahitaji ukaguzi na zipi hazihitaji, taarifa ya siku ngapi kabla ya ukaguzi, wazee wangapi, wanaume wangapi na wanawake wangapi, malipo ya siku, usafiri, malazi na chakula, nani anamchagua mwanaakiolojia na mwanaanthropolojia, ripoti itoke lini, nani anamiliki maarifa yaliyomo, na nini kinatokea wazee wakisema hapana.

Kipengele cha kukataa katakata ni kile kinachowafunga wenye ardhi midomo, yaani kuwazuia kupinga ombi lolote la baadaye au kuzungumza na serikali na vyombo vya habari bila idhini ya kampuni. Mikataba ya Pilbara, mkoa wa machimbo ya chuma kaskazini mwa jimbo, ilikuwa imejaa vipengele hivyo. Kinapokuwepo, Waziri na Kamati husoma faili lisilo na pingamizi wakadhani watu wameridhika, kumbe wamezuiwa kusema. Ofisa anayepitia ombi aulize wazi: je, kuna mkataba unaowazuia kutoa maoni yao hapa?

Andika pia nani hasa atapokea taarifa pande zote mbili: cheo, barua pepe ya ofisi isiyofungwa mtu akihama, na anayekaimu.

Hatua ya 5: Ukaguzi wa ardhini

Kuna aina mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu kazi kuliko kitu kingine chochote.

Aina ya kwanza ni kusafisha eneo la kazi. Wazee hupita mistari ya kuchoronga na viwanja vya mitambo, wakasema hapa pita, pale usipite, kaa umbali huu. Hawalazimiki kueleza sababu, na hilo linalinda siri zao. Ni ya haraka, inafaa kwa utafutaji. Aina ya pili ni kubainisha maeneo: kila eneo linapimwa, linapigwa picha pale inaporuhusiwa, linaandikwa maana yake na mipaka yake, kwa kiwango ambacho Kamati inaweza kulifanyia uamuzi. Hii huchukua muda mrefu na gharama kubwa zaidi.

Kosa la kawaida: kampuni inasafisha mistari kwa ajili ya matundu 40 ya uchorongaji, inapata madini, kisha timu ya usanifu inachora shimo la mgodi juu ya eneo zima ikiandika kwamba limeshakaguliwa. Haliko hivyo. Kilichokaguliwa ni ukanda wa mita kadhaa kila upande wa mstari, kwa kazi ndogo. Shimo, lundo la mawe taka, bwawa la tope na barabara ya malori vinataka ukaguzi wa aina ya pili, tena mapema, wakati mstari wa mchoro bado unasogezwa kwa penseli. Mhandisi akishaweka kipondeo na mkanda wa kusafirishia, kusogeza mita 200 kunakuwa suala la mamilioni, na hapo wazee huambiwa wamechelewesha mradi.

Panga msimu. Pilbara kuanzia Novemba hadi Machi joto hupita nyuzi 40 na vimbunga hufunga barabara. Majira hayohayo ya kiangazi ni ya shughuli za sheria za jadi katika jamii nyingi, ambapo wazee hawapatikani kabisa. Kukitokea msiba, kazi inasimama. Usibishane, weka siku za akiba kwenye ratiba. Kuna maeneo ya wanaume na maeneo ya wanawake. Timu yenye wazee wa kiume peke yao haiwezi kusafisha bonde la wanawake, na mara nyingi haitakuambia kwamba bonde hilo lipo. Kama ripoti nzima haina jina la mama mzee hata mmoja, ukaguzi haujakamilika.

Halafu kuna jambo dogo la ramani linaloleta hasara kubwa. Australia imehama kutoka mfumo wa vipimo wa GDA94 kwenda GDA2020, na tofauti kati yake ni karibu mita 1.8. Kanda za ramani nazo hubadilika kwenye longitudo ya 120 mashariki: magharibi yake ni kanda ya 50, mashariki ni ya 51. Mji wa Newman, katikati ya machimbo ya chuma, uko karibu kabisa na mstari huo. Faili la mipaka likitumwa bila kutaja mfumo na kanda, eneo takatifu laweza kuhama mita mbili, au kurukia mamia ya kilomita na kutoweka kwenye skrini. La pili utaligundua. La kwanza hutaligundua mpaka tingatinga lipite. Kila faili litaje mfumo, kanda, kifaa kilichopimia na kiwango chake cha makosa. GPS ya mkononi ina mita 5 hivi. Ukanda wa kinga uwe mkubwa kuliko jumla ya makosa yote hayo.

Hatua ya 6: Kukwepa kwanza, kifungu cha 18 kiwe cha mwisho

Kifungu cha 17 cha Sheria ya Urithi ya 1972 kinaharamisha kuchimbua, kuharibu, kuficha au kubadilisha eneo la urithi. Faini ya kampuni kwa kosa la kwanza ni dola 50,000 za Australia. Sheria iliyofutwa ilikuwa imeipandisha hadi dola milioni 10. Kwa mgodi wa chuma, dola 50,000 si kitu, ndiyo maana ulinzi hauwezi kuachiwa faini.

Ikiwa eneo haliwezi kukwepwa, mwenye ardhi, na sheria inamhesabu mwenye leseni ya madini kuwa mmoja wao, hupeleka taarifa kwa Kamati chini ya kifungu cha 18. Weka humo mipaka halisi ya ardhi, matumizi unayokusudia, orodha na ramani ya maeneo, ripoti za ukaguzi, kumbukumbu za mashauriano, na michoro mingine uliyoifikiria ukaiacha, pamoja na sababu. Mashauriano yawe na ushahidi wa majibu. Barua tatu zilizotumwa bila kujibiwa si mashauriano.

Kamati hutoa maoni kama kuna eneo la urithi, uzito wake, na pendekezo. Waziri huamua kukubali, kukubali kwa masharti, au kukataa. Tangu Novemba 2023 mambo matatu yamebadilika: wenye haki ya asili nao wanaweza kuomba uamuzi upitiwe na mahakama ya usuluhishi ya jimbo, wakati zamani mwenye ardhi tu ndiye aliyekuwa na mlango huo, mwenye kibali akipata taarifa mpya kuhusu eneo lazima amjulishe Waziri, ambaye anaweza kubadilisha au kufuta kibali, na Waziri Mkuu wa jimbo anaweza kulichukua shauri lenye uzito kwa jimbo au mkoa akaliamua mwenyewe.

Kibali ni kwa matumizi yaliyotajwa tu. Ukiomba kwa ajili ya barabara ukajenga bwawa, huna kibali. Kuchimbua kwa utafiti wa kiakiolojia kuna idhini yake, kifungu cha 16.

Hatua ya 7: Mazingira na mpango wa kazi

Mradi wenye athari kubwa hupelekwa EPA, na mtu yeyote anaweza kuupeleka, pamoja na shirika la wenye ardhi. Mabadiliko ya 2024 yameruhusu ofisi nyingine kuendelea na maamuzi yao huku tathmini ikiendelea, ila utekelezaji unabaki umezuiwa mpaka mazingira wamalize. Hapa ndipo ushirikiano wa ofisi unapokuwa na faida ya wazi: ripoti moja ya urithi itumike EPA, kwa Kamati na idara ya madini, ikiwa na namba moja ya toleo. Kinachotokea mara nyingi ni kinyume. EPA inasoma toleo la Machi, Kamati la Julai, na mpango wa uchimbaji umechorwa kwa ramani ya mwaka uliotangulia.

Kabla mashine yoyote ya kuvuruga ardhi haijaingia, mpango wa kazi upitishwe na idara ya madini. Maofisa hulinganisha mpango na tabaka la ramani za urithi, na pakigongana huuliza. Jibu lao la kukubali ni la Sheria ya Madini peke yake.

Hatua ya 8: Weka vituo vya kusimama kati ya ofisi

Juukan inaonyesha kwa nini. Mapango ya Juukan yako Pilbara, kwenye ardhi ya watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura, ndani ya mgodi wa Brockman 4 wa Rio Tinto. Kibali cha kifungu cha 18 kilitolewa mwisho wa 2013. Mwaka 2014 wanaakiolojia wakachimbua pango la pili kuokoa vilivyomo. Wakapata vitu zaidi ya 7,000, kikiwemo kifaa cha mfupa wa kangaruu cha miaka 28,000 na kipande cha nywele zilizosukwa cha miaka 4,000 hivi, ambacho vinasaba vyake viliungana na watu wanaoishi leo. Binadamu walikuwa wametumia pango hilo kwa miaka 46,000.

Taarifa hizo zote zilikuja baada ya kibali. Sheria ya wakati ule haikuwa na njia ya kumrudisha Waziri kwenye uamuzi wake, na wenye ardhi hawakuwa na mahali pa kukata rufaa. Mei 2020 waliomba kutembelea mapango, ndipo wakaambiwa kuna ulipuaji umepangwa. Matundu yalikuwa yameshajazwa baruti, na kuondoa baruti iliyokwisha jazwa ni hatari. Tarehe 24 Mei 2020 yakalipuliwa, kwa ajili ya tani kama milioni 8 za chuma zilizokadiriwa kuwa na thamani ya dola milioni 135. Kila karatasi ya kampuni ilikuwa halali.

Kwa hiyo kama unapanga utaratibu, uwe serikalini au kampuni, weka vituo hivi na usikubali mtu avipite kwa simu:

Kabla ya kuchoronga matundu ya baruti, ofisa wa urithi na shirika la wenye ardhi wathibitishe kwa maandishi kwamba hakuna taarifa mpya tangu kibali kilipotoka. Kituo hiki kiwe kabla ya kuchoronga, kwa vile baada ya kujaza hakuna kurudi salama.

Ripoti yoyote ya uchimbuaji iende kwa wote kwa siku moja: wenye ardhi, DPLH, idara ya madini. Isikae kwenye kompyuta ya mkandarasi.

Kibali kilichokaa muda mrefu bila kutumika kipitiwe upya na wenye ardhi kabla ya kukitumia, hata kama sheria haidai.

Pawe na daftari moja la ahadi na masharti yote: ya leseni, ya mkataba, ya kifungu cha 18, ya EPA. Kila mstari uwe na mhusika, tarehe na mahali kwenye ramani. Mali bila daftari huisha bila habari, na masharti ya urithi ni vivyo hivyo. Mengi hupotea pale mtu mmoja anapoacha kazi.

Hatua ya 9: Siku ya kazi

Mipaka iingizwe kwenye kompyuta za matingatinga, na iwekwe pia alama za macho: uzio, nguzo, vibao visivyofichua eneo ni la nini. Kila uvurugaji wa ardhi uwe na kibali cha ndani chenye ramani iliyochapwa wiki hiyo. Wazee waangalizi wawepo udongo wa juu unapoondolewa, na mwangalizi awe na mamlaka ya kusimamisha mashine yeye mwenyewe, bila kwanza kumtafuta meneja. Pima mtetemo wa milipuko kwenye mapango na michoro ya miamba iliyo nje ya shimo, na uangalie vumbi na maji. Eneo laweza kuharibika bila kuguswa.

Ikionekana mifupa ya binadamu: simamisha, ondoa watu, funika bila kuhamisha, piga simu polisi, kisha DPLH na shirika la wenye ardhi. Usipige picha za kusambaza.

Mambo yakikwama: mlango wa shirikisho, na mfano wa jirani

Sheria ya shirikisho ya 1984 kuhusu ulinzi wa urithi wa Waaborijini inamruhusu waziri wa shirikisho kutoa amri ya dharura ya siku hadi 30, inayoweza kuongezwa hadi 60, au ya muda mrefu chini ya kifungu cha 10. Haitumiki mara nyingi, lakini ina nguvu. Agosti 2024 ilitumika New South Wales kulinda chanzo cha mto Belubula dhidi ya bwawa la tope la mgodi wa dhahabu wa McPhillamys, ambao ulikuwa umeshapata vibali vingine. Ombi liandikwe na watu wenye asili ya eneo, litaje mahali, tishio, na tarehe ya tishio. Usingoje wiki ya mwisho.

Eneo jirani la Northern Territory, ambalo si jimbo kamili, lina utaratibu ambao kwa maoni yetu ni bora: mamlaka huru ya maeneo matakatifu, AAPA, iliyo chini ya sheria ya 1989, hukaa na wenye mila na kutoa cheti kimoja chenye masharti na ramani. Mwenye mgodi wa Bootu Creek aliyeharibu eneo la Wanawake Wawili Walioketi alitiwa hatiani 2013 na kutozwa dola 150,000.

Leseni ikiuzwa

Hapa ndipo mafaili yenye afya hufa. Mnunuzi hukagua kiasi cha madini, madeni na mitambo, kisha hupokea folda ya urithi yenye ripoti nusu. Kabla ya kutia saini, dai nakala za mikataba yote ya urithi na uhakikishe mnunuzi anafungwa nayo kwa maandishi. Dai vibali vya kifungu cha 18 na masharti yake, mafaili ya ramani yenye mfumo na kanda, na orodha ya ahadi zilizotolewa kwa mdomo kwenye mikutano, kama zilivyo kwenye kumbukumbu za shirika la wenye ardhi na si za muuzaji peke yake. Ijulishe DPLH mabadiliko ya mwenye kibali. Kisha omba mkutano na wazee mwezi wa kwanza, upeleke mhandisi anayechora mgodi pamoja na ofisa wa mahusiano, na mchoro muupitie nao bado ukiwa wa penseli.